Embe zilizoanza kulegea zitie kwenye keki

Jamani, msimu wa embe huu, msitupe zile zilizoanza kulegea. Zinafaa sana kwa keki ya kunywea kahawa jioni. Nanasi lililobaki pia.

Tatizo ni maji. Tunda likiingia na maji yake, keki hubaki mbichi katikati na huku juu imeshaiva. Kata vipande vidogo, viache kwenye chujio dakika 15, kisha vigaragaze kwenye kijiko kikubwa cha unga mkavu ili visizame chini. Nanasi mimi hulikausha kidogo motoni kwanza.

Changanya keki yako ya kawaida. Kwa unga vikombe 2, matunda kikombe 1 yanatosha, usizidishe. Na hiliki iliyotwangwa usiisahau, wallahi ndiyo inayoleta harufu.

Juu nyunyiza chengachenga: unga nusu kikombe, sukari robo, mdalasini, na siagi ya baridi vijiko vikubwa 3, ufikiche kwa vidole. Oveni nyuzi 180, kama dakika 45. Ukioka kwa sufuria na kupalia makaa, moto wa juu uwe mwingi na wa chini kidogo sana, maana sukari ya tunda huungua upesi.