Injekta ya pikipiki kuukuu: ioshe ikiwa inafunguka

Nilikuwa napulizia injekta, kile kifaa kinachonyunyizia injini petroli, dawa ya kusafishia kabureta kwa nje tu, na injini inaendelea kukatakata. Fundi mmoja hapa Kondele, Kisumu, akanionyesha kosa: injekta isiyo na umeme imefungwa, kwa hivyo dawa inaosha ngozi tu. Lazima uifungue. Kwanza chomoa plagi ya umeme ya pampu ya petroli, washa injini mpaka ijizime yenyewe, presha ya petroli iishe, ndipo utoe injekta. Funga nyaya mbili kwenye pini zake. Vika kipande cha mpira wa petroli upande wa kuingilia mafuta, ingiza kimrija cha kopo la dawa, kisha puliza huku ukigusisha nyaya kwenye betri ya volti 9, ile ya mraba: tik, achia, tik, achia. Usishikilie, koili (waya uliozungushwa ndani yake) itaungua. Gusia mbali na dawa, tena nje, hakuna jiko wala sigara. Cheche ile si mchezo. Mwanzoni yangu ilitema uzi mmoja uliopinda. Baadaye ukatoka ukungu. Tundu usilichokoe kwa waya hata kidogo. Rudishia na oringi (pete ya mpira) mpya iliyopakwa oili kiasi.

Isipolia tik, pima pini zake kwa mita ya umeme: nyingi husoma karibu omu 12, na mita isiposoma kitu, koili imekufa, nunua nyingine. Ikilia vizuri lakini pikipiki bado inachoka kupanda kilima cha Riat, angalia pampu na chujio.