Namna ya Kuchagua na Kutumia Wanyama katika Utafiti wa Saratani ya Mifupa

Kabla ya kuagiza panya hata mmoja, andika swali lako la utafiti kwa sentensi moja, kwa kuwa swali hilo ndilo litakalochagua mnyama. Anayetaka kujua iwapo dawa fulani inaua seli za osteosakoma (saratani inayoanzia kwenye mfupa) za binadamu, kama zile za 143B zinazokuzwa maabara, atazipandikiza kwa panya aliyezaliwa bila tezi ya thaimasi, ambaye kwa kukosa seli T, yaani seli za kinga zinazokomaa katika tezi hiyo, hawezi kuzikataa. Panya huyo, hata hivyo, hafai kupima tiba inayotegemea seli T zake mwenyewe. Hapo mtumie panya wa ukoo wa BALB/c mwenye kinga kamili, pamoja na seli za K7M2, ambazo ni osteosakoma ya panya iliyotokana na ukoo huohuo.

Mahali pa kupandikiza pana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Uvimbe ulio chini ya ngozi hupimika kwa urahisi, lakini unakosa mazingira ya mfupa, ambao seli zake za kujenga na kubomoa hushiriki kuukuza ugonjwa. Napendelea ndani ya muundi, karibu na goti, panya akiwa amelazwa kwa nusukaputi na kupewa dawa ya maumivu. Dunga kiasi kidogo, tena polepole, kwa sababu seli zikisukumwa kwa nguvu huweza kuingia kwenye mishipa ya damu na kufika mapafuni, nawe ukadhani kwamba saratani imesambaa yenyewe. Kwa kuwa vifo vingi vya osteosakoma hutokana na kusambaa huko mapafuni, usiishie kupima mguu: ukate uvimbe unapofikia ukubwa uliopangwa, kisha uyafuatilie mapafu.

Saratani ya mfupa inauma sana, na panya hawezi kusema. Ukiomba kibali cha kamati ya maadili, taja wazi dalili zitakazokulazimu kumuua mnyama bila maumivu, kama vile kuchechemea kupita kiasi au kupungua uzito. Wagawe panya katika makundi kwa kura, na anayepima uvimbe asijue nani amepewa dawa.

Matokeo yakitia moyo, wafikirie mbwa wa aina kubwa, ambao hupata osteosakoma kwa asili na hutibiwa na daktari wa mifugo kwa ridhaa ya mwenye mbwa. Mifamutaidi, dawa ya osteosakoma inayoamsha kinga ya mwili, ilijaribiwa kwa mbwa wa namna hiyo miaka mingi kabla ya kuidhinishwa Ulaya mwaka 2009.