Kupima mshipa wa fahamu wa kumi na moja: sweta livuliwe kwanza

Juni na Julai hapa Mbeya mgonjwa anaingia na sweta, koti, na kitenge juu yake. Wanafunzi wa utabibu wanaokuja kwangu fiziotherapia humwonea huruma, wanampima mabega akiwa kajifunika hivyo hivyo. Sikubali. Funga dirisha, vuta pazia, mweleze unachotaka kufanya, kisha avue mpaka mabega na mgongo wa juu vionekane.

Simama nyuma yake. Bega moja limeshuka? Mnofu kati ya shingo na bega umebonyea? Mnofu huo ni msuli wa trapezi, mmoja wa misuli miwili inayoendeshwa na mshipa wa kumi na moja (kati ya jozi kumi na mbili za mishipa ya fahamu ya kichwani); mwingine ni wa shingo. Ila mpakiaji wa soko la Mwanjelwa aliyezoea kubeba lumbesa za viazi bega lile lile, mabega yake kutolingana kusikupe kiwewe.

Weka viganja juu ya mabega: "Baba, yapandishe mpaka masikioni, usikubali niyashushe." Linganisha nguvu za pande mbili, lakini usiishie hapo. Kuna msuli mwingine unaoinua kombe la bega, nao hauutegemei mshipa huu, kwa hiyo bega linaweza kupanda hata trapezi ikiwa imelala. Mwambie anyanyue mkono kwa pembeni. Akikwama karibu na usawa wa bega, na kombe likatokeza mgongoni, hapo una jambo.

Sasa shingo, na hapa ndipo upande usio wake huandikwa kwenye faili. Weka kiganja kwenye taya la kushoto, ageuze uso kushoto akikusukuma. Msuli utakaotuna ni wa kulia. Unaanzia kwenye kidari na mtulinga, unapanda hadi mfupa wa nyuma ya sikio. Ukijikaza, uso unaelekea upande wa pili. Jishike shingo ujaribu, utaelewa kuliko kukariri.

Njia ya mshipa wenyewe ni ya kuzunguka: nyuzi zake hutoka kwenye uti wa mgongo sehemu ya juu ya shingo, hupanda na kuingia fuvuni, halafu hutoka tena kwa tundu moja na mshipa wa tisa na wa kumi. Huupitia msuli wa shingo, kisha hukatiza ubavuni mwa shingo karibu sana na ngozi mpaka trapezi. Ndiyo maana natafuta kovu. Aliyewahi kutolewa tezi hapo, tuseme kwa kuchunguza kifua kikuu, anaweza kugeuza shingo vizuri ila bega likawa limelegea.

Trapezi na msuli wa shingo vyote viwili vikiwa dhaifu upande mmoja, muulize kama sauti imekwaruza au maji yanampalia. Akikubali, tatizo huenda liko kule kwenye tundu la fuvu, anakopita pamoja na mishipa ya tisa na ya kumi inayohudumia koo na sauti. Mpe rufaa siku hiyo hiyo.

Na kombe likitokeza zaidi anaposukuma ukuta kwa viganja, shuku mshipa mwingine, ule wa msuli wa seratasi, unaoshikilia kombe kwenye mbavu.