Ukivuka Namanga kwenda Nairobi, linda glasi yako

Wenzetu wa Arusha mnaokwenda Nairobi kufuata mzigo, mkitoka usiku chungeni kinywaji kuliko mfuko. Kule wanaiita "mchele": dawa ya usingizi inayotiwa kwenye glasi, mara nyingi na mtu mcheshi mliyefahamiana naye jioni hiyohiyo. Ikikutana na pombe hulevya haraka na kudhoofisha pumzi, ndiyo maana wapo wasioamka kabisa.

Anachokitaka zaidi mtu huyo ni simu na namba yako ya siri. Kwa hiyo laini yenye pesa na kadi ya benki viache hotelini. Beba kisimu kidogo na pesa taslimu ya jioni hiyo tu. Kama simu kubwa lazima iende, weka namba ya siri kwenye laini yenyewe (SIM PIN, ile inayoulizwa simu ikiwashwa), la sivyo mwizi ataihamishia simu nyingine na kuomba nywila mpya za benki.

Chupa ifunguliwe mbele yako. Ukirudi kutoka msalani, ulichokiacha mezani usikiguse tena, hata kama kilikuwa kimejaa. Kizunguzungu kwa bia moja usikiite uchovu wa safari: mwite mhudumu au mlinzi wa baa, na rafiki mpya asikusindikize popote. Namba za dharura Kenya ni 999 na 112.