Taa ya mlingoti ikififia: tafuta volti zinakopotelea

Mashua ya tanga ya zamani pale Entebbe, taa ya mlingoti hafifu: usikimbilie kununua betri. Washa taa, weka mita ya umeme kwenye volti za DC (umeme wa betri). Betri ikisoma 12.5 na taa 10.8, volti 1.7 zinapotea njiani. Taa ikiwa bado inawaka, pima volti kati ya pande mbili za fyuzi, za swichi, kisha za kila kiungo, panapozidi volti 0.2 ndipo penye ugonjwa. Waya hasi usiusahau, mara nyingi ndio mkosaji.

Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, lakini unyevu wa ngama (sehemu ya chini ndani ya mashua) hula shaba polepole. Chomoa waya hasi wa betri, kisha kata ncha ya waya kwenye kiungo kibovu mpaka uone shaba inayong'aa. Iliyogeuka nyeusi haifai, hata ukiibana upya.