Namna ya Kulinganisha Risasi za Bunduki za Kipenyo cha Kati kwa Uwindaji wa Kulungu

Mwindaji anayelinganisha risasi za kipenyo cha kati aanze na umbali atakaopiga na uwezo wa bega lake kustahimili teke, yaani msukumo wa bunduki kurudi nyuma inapofyatuliwa, wala si sifa anazosikia kwa wenzake. Risasi ya .308 Winchester (nambari hii ni kipenyo cha kichwa kwa inchi), iliyotoka mwaka 1952, ndiyo mzazi wa .243 Winchester na 7mm-08 Remington, kwa kuwa zote mbili hutumia ganda lake, yaani kifuko cha chuma chenye baruti, lililobanwa shingo ili lishike kichwa chembamba zaidi.

.243, yenye kichwa (sehemu inayoruka kumgonga mnyama) cha gramu 6.5 hivi, hupiga teke dogo na humfaa anayejifunza, lakini haisamehe shabaha mbaya. .308 hurusha kichwa cha takriban gramu 9.7, huingia kwa nguvu zaidi, na teke lake huonekana wazi begani. Katikati ya hizo mbili kwa nguvu ipo 7mm-08, nami huipenda, kwa sababu humwangusha kulungu vizuri bila kumfanya mpigaji afumbe macho kabla ya mlio. .270 Winchester ya mwaka 1925 husafiri kwa njia iliyonyooka zaidi kwenye uwanda mpana, ingawa huhitaji bunduki yenye chemba ndefu, yaani sehemu inayoingizwa risasi.

Chagua kichwa kinachopanuka kikigonga nyama, kisha ujaribu aina kadhaa kwenye shabaha ya karatasi, maana bunduki mbili za muundo mmoja huweza kupendelea risasi tofauti. Mlenge mnyama nyuma kidogo ya bega, penye moyo na mapafu, na usipokuwa na hakika, usifyatue.