Kabla mechi na mtihani havijagongana: mambo ya kuzingatia kwa mpenzi wa mpira

Kila mtahiniwa wa hapa Unguja hupewa usia ule ule: wachana na mpira mpaka umalize mtihani. Kuusema ni rahisi, hasa kwa mtu ambaye mpira haumhusu. Kijana ataitikia vizuri, kisha usiku atatazama kwenye simu ndani ya shuka. Mimi naona bora apange. Dakika 90 si nyingi hivyo. Zinazomla usiku mzima ni uchambuzi kabla ya mechi na ubishi baada yake.

La kwanza basi, ratiba ya mtihani na ratiba ya mechi ziandikwe karatasi moja, kwa saa zetu. Kidato cha Nne wana Novemba, Kidato cha Sita wana Mei, na Novemba ndiyo yenye mtego. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Ulaya hurudisha saa nyuma, sisi huku hatubadilishi kitu. Mechi ya Ligi ya Mabingwa iliyokuwa ikianza saa nne usiku sasa inaanza saa tano, na mpaka filimbi ya mwisho unakaribia saa saba, ilhali karatasi ya asubuhi inakusubiri saa mbili. Zile za England za Jumamosi, zilizozoeleka saa kumi na moja jioni, zinasogea saa kumi na mbili, muadhini yuko njiani kuadhini Magharibi. Na baada ya Magharibi ndio muda wenyewe wa kudurusu. Isitoshe, tangu msimu wa 2024/25 Ligi ya Mabingwa ina timu 36, kila moja inacheza mechi nane kabla ya mtoano. Huwezi kuzimaliza zote. Tazama ya timu yako, na ikiangukia usiku wa kuamkia hisabati, hiyo nayo iache.

Kuna vijana wanaosema watakwenda uwanjani "mara moja tu". Uwanjani hakuna mara moja. Mei 2025, mwezi wa mitihani ya Kidato cha Sita, mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika baina ya Simba na RS Berkane ilichezwa hapa hapa kwenye uwanja wetu wa New Amaan. Matokeo 1-1, kombe likaenda Morocco kwa jumla ya 3-1. (Mimi ni Simba, kwa hiyo lile bao lao la dakika za nyongeza msiniulize.) Mechi ya namna hiyo ina safari ya kutafuta tiketi, ina foleni ya getini, ina kugombania daladala wakati wa kurudi, na usiku wake hakuna mtu anayefungua daftari, ameshinda au ameshindwa. Mtahiniwa anayetaka kwenda aihesabu siku nzima kuwa imekwenda. Kama ratiba yake inabeba siku hiyo, aende zake.

Jengine ni kuhakikisha mechi yenyewe ipo. Tarehe 8 Machi 2025 watani wa Kariakoo, Simba na Yanga, walikuwa wakutane Dar es Salaam. Simba ikagoma kucheza ikisema imezuiwa kufanya mazoezi uwanjani, na mechi ikaahirishwa siku ile ile. Ilikuja kuchezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0. Fikiria aliyevuka kwa boti kuja kuitazama, na wiki ile ana majaribio skuli.

Sasa tuje kwenye habari, maana hapa ndipo penye kazi. Mechi ina mwisho, habari za mechi hazina. Redio inakuamsha na uchambuzi, mchana tetesi za usajili, jioni vikosi vitarajiwa, usiku kundi la WhatsApp la maskani linawaka kwa kadi nyekundu ya juzi. Sehemu kubwa ya maneno hayo ni kitu kimoja kinachorudiwa kwa sauti tofauti. Kabla ya mwezi wa mtihani kuingia, zima arifa za kurasa za michezo, nyamazisha lile kundi, usinunue bando kubwa "kwa ajili ya notisi". Asubuhi ya karatasi usiulize matokeo. Kama timu yako imefungwa, huzuni utaingia nayo chumbani. Kama imeshinda, utaingia na furaha inayokutoa kwenye swali. Mabao yatakungoja mpaka mchana.

Na hapa nina kinyongo changu. Mlandege, timu ya hapa hapa Unguja, ilibeba Kombe la Mapinduzi 2023, ikalibeba tena 2024 kwa kuifunga Simba 1-0 kwenye fainali. Hata hivyo muulize kijana wa mjini nani anaongoza ligi ya Zanzibar, atakutajia anayeongoza England. Anafuata kile anachotangaziwa, simlaumu sana. Lakini kwa mtahiniwa ligi yetu ndiyo inayomfaa kuliko zote: mechi nyingi huchezwa alasiri, uwanja wa Mao ni karibu kwa wa mjini na ule wa Gombani kwa wa Chake Chake, Pemba, na ikimalizika unawahi sala na daftari. Uchambuzi wake ni mchache pia, na kwa mwezi wa mtihani uchache huo ni neema.

Mwisho niwageukie wakubwa. Kumnyima mtoto mpira huku baba na ami zake wanapiga kelele za bao sebuleni saa sita za usiku ni dhulma, tena ukuta wa chumba cha kusomea mara nyingi ndio huo huo wa sebule. Semeni naye mapema, kabla ratiba haijaanza: usiku gani televisheni inazimwa, nani anakwenda kutazama maskani. Na kama wanaume wa nyumba hawawezi kushangilia kwa sauti ya chini, king'amuzi kihamie kwa jirani mpaka karatasi ya mwisho.